Injini ya pikipiki kwenye gari: tatizo si nguvu

Wengi hudhani injini ya pikipiki ni dhaifu mno kuendesha gari. Sivyo. Suzuki Hayabusa ya cc 1,340 hutoa zaidi ya nguvu za farasi 180, na gari jepesi la kujiundia huweza kuwa na kilo 500 hivi tu. Tatizo liko kwingine. Gia ya kurudi nyuma kwa kawaida haipo, na klachi huteseka wakati wa kuondoka. Hayo yanavumilika. Linaloua injini ni oili: pikipiki hulala kwenye kona, gari halilali. Gari likikata kona, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa, beringi zinakwanguka. Weka vizuizi ndani ya sampu kabla hujafikiria kuongeza nguvu yoyote.