Foleni na moshi kwenye kompyuta: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Uigaji wa foleni kwenye kompyuta (modeli) ni vikatuni vya magari tu.
Picha ni pambo. Programu kama SUMO, iliyotengenezwa na DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, na inayopatikana bure tangu 2001, hukokotoa upya mwendo wa kila gari kila sekunde, kisha huugeuza kuwa gramu za kaboni dioksidi.

Dhana: Wastani wa mwendo unatosha.
Kwa hesabu ya mji mzima, sawa. Kwa taa za makutano, hapana. Magari mawili yanaweza kuwa na wastani uleule wa kilomita 25 kwa saa, moja likitiririka, jingine likisimama na kuondoka kila mara. Kule kuondoka ndiko kunakokula mafuta.

Dhana: Ukipakua ramani na kumwaga magari, majibu yako tayari.
Hapa ndipo wengi huchemsha. Ramani huja na idadi ya leni isiyo sahihi, na muda wa taa huwa wa kubahatisha, rekebisha kwanza. Kisha linganisha na hesabu ya barabarani kwa kipimo cha GEH, kinachoonyesha modeli imekosea kiasi gani. Tuseme umehesabu magari 400 kwa saa, modeli ikatoa 520. Tofauti ni 120. Izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 2, upate 28,800. Gawanya kwa jumla ya 920, tafuta kipeuo cha pili: 5.6. Kinachokubalika kwa kawaida ni chini ya 5 kwenye asilimia 85 ya vituo vya kuhesabia magari, kwa hiyo kituo hiki kimefeli.

Soma pia maonyo ya programu. Mipangilio ya SUMO isipobadilishwa, gari lililokwama sekunde 300 hurushwa mbele, na sehemu ya foleni hutoweka pamoja na moshi wake. Matokeo yanapendeza, lakini ni ya uongo.

Dhana: Kuendesha modeli mara moja kunatosha.
Badilisha namba ya mbegu nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ndani ya modeli), rudia angalau mara 10, na utupe dakika za mwanzo ambapo barabara bado ni tupu.

Dhana: Foleni ikipungua, moshi umepungua.
Barabara iliyofunguka huvuta safari mpya. Ukiigandisha idadi ya safari, modeli haitaziona kamwe.

Dhana: Gramu zikishatoka, ziamini.
Lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Gari dogo likionyesha gramu 600 kwa kilomita, maana yake linakunywa lita 26 kwa kilomita 100. Rudi ukague aina ya gari uliyoandika. Huenda umeliandikisha kama lori.