Stika ya i7 haitoshi

Mama mmoja alinijia na laptopu mbili mkobani. Ya zamani ilikuwa hoi: bawaba ya kushoto imeng'oka na kipande cha plastiki, betri imevimba mpaka tachipedi imeinuka na haibonyezeki. Betri ya namna hiyo usiichaji tena wala usiitoboe, itolewe. Ya pili alikuwa ameshainunua, imetumika lakini safi, stika ya Core i7 inang'aa pembeni ya kibodi. Alitaka nimhamishie mafaili tu. Nikaiwasha, nikatazama jina kamili la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: i7-7500U. Nilinyamaza kidogo kabla ya kumwambia.

Stika humpa mnunuzi nusu ya habari, nusu nyingine iko kwenye namba. Ile 7 inayofuata kistari ndiyo kizazi: cha saba, cha mwaka 2016, na ndani mna viini 2 tu, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Mwaka uliofuata ikaja i5-8250U, ya ngazi ya chini kwa jina lakini ya kizazi cha nane, yenye viini 4. Ukifungua programu nyingi kwa pamoja, i5 hiyo inaiacha mbali i7 ya mama. Tena inakubaliwa rasmi na Windows 11, ilhali i7-7500U haikubaliwi, na Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuanzia kizazi cha kumi soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni ya kumi na moja.

Nikichagua laptopu, naanza na vitu ambavyo fundi hataweza kunisaidia baadaye. Betri hubadilishwa. SSD, hifadhi ya mafaili isiyo na diski ya kuzunguka, mara nyingi hubadilishwa pia. Prosesa za siku hizi zimechomelewa kwenye bodi, hazitoki. Lakini inayowaponza watu hasa ni RAM, kumbukumbu inayotumiwa na programu zilizofunguliwa. Kwenye laptopu nyingi nyembamba nayo imechomelewa, na kwenye MacBook zenye chipu za Apple, tangu M1 ya mwaka 2020, huwezi kuiongeza kabisa. Ukinunua GB 8 utazeeka nazo. Kama unataka mashine ya aina hiyo ikae miaka mingi, chukua GB 16 tangu siku ya kwanza, hata ikibidi ushuke kidogo kwenye prosesa. Ziepuke pia zenye hifadhi ya eMMC (chipu ya mafaili iliyochomelewa kwenye bodi) ya GB 64: Windows na masasisho yake huimaliza nafasi upesi.

Kwa iliyotumika, pima betri. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt), fungua ripoti inayotoka, kisha linganisha uwezo wa kiwandani (Design Capacity) na wa sasa (Full Charge Capacity). Ikiwa ilitoka na mWh (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 50,000 na sasa inashika 30,000, imebaki asilimia 60; gharama ya betri mpya iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Na kama yako ya zamani haina kosa ila uzito wa kuwaka, na bado ina diski ya kuzunguka, iwekee SSD kwanza. Nimeona nyingi zikifufuka hivyo.

Ya mama haikuwa ya kufufuliwa. Muuzaji alikuwa muungwana, akakubali kuipokea ile i7, nasi tukaenda pamoja kuchagua nyingine. Nikamwomba mama afungue ukurasa mtupu aandike alfabeti yote, kisha afunue na kufunga kifuniko polepole akisikiliza bawaba. Ya kwanza tuliyopewa, herufi ya n ilikuwa inatoka mara mbili mbili. Tukaomba nyingine.