Loji kwa loji: maana ya matembezi ya porini yenye kitanda kila usiku

Matembezi ya loji kwa loji ni safari ya miguu ya siku mbili na kuendelea, porini au milimani, chini ya mwongozaji anayeijua njia. Kila jioni safari hiyo humalizikia kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda kilichotandikwa, maji ya moto ya kuoga na chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Hubebi hema, hubebi sufuria, hubebi godoro. Mgongoni una begi dogo tu. Begi kubwa linapita njia nyingine, kwa gari, kwa bodaboda au kwa bega la mpagazi, na mnakutana nalo jioni.

Jina halijatulia bado kwenye Kiswahili. Tumechagua "loji kwa loji" kwa sababu linataja jambo lenyewe: unatoka kitanda kimoja, unaelekea kingine. Na dhana yenyewe si ngeni pwani hii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani na Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na kirangozi, yaani mwongoza njia, mbele, wapagazi nyuma yake, na vituo vilivyojulikana kabla watu hawajaondoka. Wapagazi wale walibeba pembe na vitambaa, wala hawakuwa na raha yoyote, lakini siku yao ilipangwa hivyo hivyo, kituo hadi kituo.

Watu huchanganya matembezi haya na mambo mengine mawili. La kwanza ni kupanda mlima. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala ndani ya vibanda, Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720, lakini lengo lake ni kilele na adui yake ni upungufu wa hewa. Loji kwa loji haina kilele cha lazima. Lengo ni njia yenyewe. La pili ni kukaa kwenye loji moja na kutoka kila asubuhi kwa matembezi mafupi. Hilo ni zuri, na kwa mwenye watoto wadogo au magoti mabovu ndilo tunalolipendekeza, lakini ukiamka umechoka unaweza kubaki kitandani. Kwenye loji kwa loji huwezi, maana kitanda chako cha leo kiko ng'ambo ya mlima.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa matembezi haya. Mtu akisikia "loji" anafikiri safari imelegezwa. Mzigo ndio uliolegezwa, ratiba imekazwa. Mwenye hema akichoka saa 9 alasiri anatafuta tambarare na kulala. Wewe lazima ufike. Kwa hiyo kazi kubwa ya kupanga safari hii ni kupima umbali kati ya vitanda kwa saa za mtembezi dhaifu kuliko wote kwenye kundi. Kilomita za ramani pekee hazitoshi.

Hesabu ya kuanzia ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua siku ya kilomita 14 yenye mita 900 za kupanda. Kwa Naismith ni saa 4 na dakika 18. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mwenye pumzi, kwenye njia kavu, asiyesimama. Kwenye vijia vya milima ya Usambara, mkoani Tanga, vyenye mizizi, utelezi na watu wa kusalimiana nao, weka kilomita 3 kwa saa: saa 4 na dakika 40 za mwendo, saa 1 na nusu za kupanda, saa 1 na nusu za kula na kupumzika. Jumla ni saa 7 na dakika 40. Mkiondoka saa 2 asubuhi mnafika saa 9 na dakika 40, jua lingalipo. Mkiondoka saa 4, kwa sababu chai ilichelewa na fulani alikuwa anatafuta chaja, mnafika saa 11 na dakika 40. Mwezi Juni jua huzama karibu saa 12 na robo, na ndani ya msitu giza hutangulia. Mmoja akiteguka kifundo katikati ya njia, mnalala na tochi. Ajali nyingi za njiani tunazozijua chanzo chake ni chai iliyochelewa.

Mkoa wa Tanga umejaliwa mahali pa kufanyia haya. Milima ya Usambara imegawanywa na bonde la Lwengera. Upande wa magharibi, Lushoto mjini pako karibu mita 1,400 juu ya bahari, na njia inayopendwa zaidi hutoka hapo, ikapita msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ya Magamba, ikaenda Rangwi ambako masista hupokea wageni, hadi Mtae na Mambo kwenye ukingo wa milima, ambako chini yako unaona tambarare ya Mkomazi imetandazwa kama mkeka. Wengi huigawa siku 3 hadi 4. Upande wa mashariki, juu ya Muheza, ni hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye hekta 8,380. Huko ni joto zaidi, msitu ni mnene zaidi, na mto Zigi unaotoka humo ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalolisha maji jiji la Tanga. Anayetoka Chumbageni au Ngamiani, mitaa ya jijini humo, kwenda kutembea Amani anakwenda kuona bomba lake linapoanzia.

Lazima tuseme ukweli kuhusu neno "pori". Usambara si pori tupu la siku nne bila mtu. Unatembea msituni saa mbili, unatokea kwenye mashamba ya kabichi na viazi yaliyopandwa kwa ngazi, unapita uwanjani kwa mtu, unaingia tena msituni. Anayetaka siku tano bila kuona paa la nyumba hapa hatazipata. Kwa maoni yetu huo ndio utamu wake, lakini unadai adabu: salimia kwanza, wazee kwa shikamoo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usikatize katikati ya matuta hata kama njia inaonekana fupi. Loji nazo hazifanani. Jina moja linabeba nyumba yenye moto sebuleni na mandhari ya ukingoni, na pia nyumba ya kawaida kabisa yenye chumba safi na ndoo ya maji ya moto. Uliza kabla: maji ya moto yanatoka bombani au yanachemshwa kwa oda? Umeme upo usiku kucha? Kuna mahali pa kuanika viatu? Swali la tatu ndilo watu husahau, na ndilo linaloamua kesho yako.

Mwongozaji mzuri hafanyi kazi ya kuonyesha njia tu, maana ramani za simu nazo siku hizi zinaonyesha vijia. Anajua kijia kipi kimeliwa na maporomoko msimu uliopita, mzee yupi anauza ndizi, na mahali pa kukatishia safari mtu akiugua. Anatembea kwa mwendo wa aliye nyuma. Kundi likizidi watu 6, awepo wa pili wa kufunga mkia. Bila huyo, walio mbele hupumzika wakisubiri, na aliyechoka akifika tu wanainuka, kwa hiyo anayehitaji kupumzika ndiye asiyepumzika kamwe. Jicho lake nalo lina thamani. Kwenye mwamba wenye kivuli, mahali ambapo ungepita bila kugeuka, atainama akakuonyesha kaua ka zambarau kenye majani yenye manyoya laini, kaliko kadogo kama sarafu. Ndilo ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na leo uzao wake uko madirishani dunia nzima. Hapa kwao linazidi kuadimika, kwa hiyo linaangaliwa bila kuchumwa.

Begi la mgongoni lisizidi kilo 6 au 7. Maji lita 2 ni kilo 2 tayari. Yanayobaki: koti la mvua, sweta, chakula cha mchana (chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na karanga hutosha), tochi ya kichwani, dawa zako, soksi kavu na fulana moja ndani ya mfuko usiopitisha maji uliofungwa. Hivi viwili vya mwisho si anasa. Masika udongo mwekundu wa milimani huwa kama sabuni, na gari lililobeba mabegi makubwa linaweza kukwama au kuzunguka mbali. Mtu aliyeweka sweta na dawa za presha kwenye begi kubwa atazikumbuka saa 2 usiku akitetemeka mbele ya jiko la wenyeji. Kama mzigo unabebwa na watu, pima. Kilimanjaro mpagazi habebi mzigo wa wageni unaozidi kilo 20, na kwenye vijia vya utelezi tungeomba uwe pungufu ya hapo.

Baridi huwashangaza watu wa pwani kila mwaka. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tanga mjini ikiwa nyuzi 28, Lushoto ni karibu 19, na ukifika mita 1,900 ni karibu 16, hiyo ni mchana. Usiku wa Julai ni baridi ya blanketi mbili. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya njia kavu, ingawa ukungu wa asubuhi hauishi. Machi hadi Mei iachie masika.

Miguu tuielezee kwa kirefu, maana safari nyingi huvunjikia hapo, tena siku ya pili. Lengelenge halitokei ghafla. Kwanza kisigino kinahisi joto, kama kimeguswa na kikombe cha chai. Una dakika chache tu. Simama hapo hapo, hata kama kundi linaendelea, vua kiatu, futa jasho, bandika plasta pana iliyolala bila mkunjo, badilisha soksi. Ukisema "nitafika tu", ngozi inajaa maji, na kesho unachechemea. Ukichechemea goti la upande wa pili linabeba uzito usio wake, na siku ya tatu shida si lengelenge tena. Kwenye mteremko mrefu tatizo huhamia vidoleni: mguu unateleza mbele, kucha zinagonga ncha ya kiatu hadi zinakuwa nyeusi. Dawa ni kukaza kamba. Kabla ya kuanza kushuka, gonga kisigino chini ili kirudi nyuma ya kiatu, kisha zungusha kamba mara mbili juu ya unyayo, pale mguu unapojikunja, vuta, ndipo umalizie kufunga juu. Na kucha zikatwe siku tatu kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka.

Viatu vikilowa, usivianike karibu na moto wa loji. Gundi inalegea, ngozi inakakamaa, na soli hubanduka katikati ya msitu ambako fundi hayupo. Toa soli ya ndani, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, badilisha baada ya saa moja, kisha badilisha tena kabla ya kulala. Asubuhi vitakuwa na unyevu kidogo lakini vitavalika. Viatu vipya ni marufuku; vitembelee angalau wiki mbili mjini kwanza.

Kwenye malipo, tenganisha vitu vinne unapopewa bei: kiingilio cha hifadhi, ujira wa mwongozaji, loji na chakula, na usafirishaji wa mizigo. Hifadhi za Magamba na Amani ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au simu. Kamilisha hilo ukiwa bado mjini, maana mtandao milimani hukatika, nawe utasimama getini asubuhi ile ile uliyotakiwa kuwahi. Ukipewa bei moja ya jumla, uliza ni kipi hakimo. Mara nyingi ni kiingilio au mizigo. Uliza pia mgonjwa anashushwaje kutoka kila kituo hadi hospitali ya wilaya Lushoto au Bombo mjini Tanga, na gari la kumshusha ni la nani.

Mwisho wa safari nao una usiku wake. Ukimalizia Mtae, usipange kufika mchana na kurudi siku hiyo hiyo: mabasi ya kushuka Lushoto huondoka alfajiri. Weka nafasi ya chumba cha usiku wa mwisho huko huko, na mwambie kondakta jioni kwamba mko wangapi na mna mabegi mangapi.