Mshauri wa menejimenti hamalizi foleni ya hospitali
Wengi Uganda hudhani hospitali ikileta washauri wa menejimenti kutoka Kampala, foleni itaisha. Ripoti yao haitibu mtu. Mshauri mzuri huanza na saa na karatasi: kila mgonjwa huandikiwa muda wa kufika, kumwona daktari, kupimwa maabara na kupewa dawa, siku 5 mfululizo, Jumatatu ikiwemo. Mara nyingi daktari hana kosa. Majibu ya malaria yamelala maabara yakisubiri wa kuyabeba.

Dawa ni habari nyingine. Bohari ya taifa, National Medical Stores, husambaza kwa mizunguko ya miezi 2. Kadi ya stoo, inayoandikwa dawa zilizoingia na zilizotoka, isipojazwa huzaa oda ya kubahatisha, na rafu hubaki tupu hadi mzunguko ujao. Kuijaza ni kazi ya mtunza stoo, si ya mshauri mgeni.