Vinundu kwenye mikaratusi si kutu wala fangasi

Masika yanakaribia, na miche ya mikaratusi imeanza kupakiwa kwenye pikipiki kutoka vitalu vya Tengeru, Usa River na Himo. Malalamiko nayo yamerudi: majani yamejikunja, yana vinundu, mti umedumaa. Wengi wanafika ofisini wakiwa wamekwisha kupulizia dawa ya fangasi mara mbili tatu. Ndugu zangu, hiyo si fangasi.

Chana kinundu kwa wembe. Utakuta kijibuu cheupe kisicho na miguu, kimejikunja katika kijumba chake. Huyo ni mtoto wa nyigu aitwaye Leptocybe invasa, asili yake Australia, aliyepewa jina hilo kitaalamu mwaka 2004. Nyigu aliyekomaa hafiki milimita 2 na hamdungi mtu. Jike hutaga kwenye mshipa mkuu wa jani changa, kikonyo au chipukizi, na kwa kawaida hahitaji dume. Mti huvimba kukizunguka kijibuu, kwanza kijani, kisha waridi. Baada ya miezi minne hivi nyigu hutoka kwa kitundu cha mviringo. Ukiona vitundu, wenyewe wameshaondoka. Ukipulizia kabla ya hapo, dawa ya juu ya jani haiwafikii. Tumelisema hili kila msimu.

Nyigu huyu husafiri na miche na matawi mabichi. Kwa hiyo anayeingiza miche kupitia Namanga au Holili anatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, awe na cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo, kisha mzigo ukaguliwe mpakani, kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kibali hakichukui nafasi ya cheti, wala cheti hakifuti ukaguzi. Mzigo uliokosa nyaraka huzuiwa, na wenye visumbufu, yaani wadudu au magonjwa ya mimea, unaweza kurudishwa au kuteketezwa. "Ni miche kumi tu ya nyumbani" si utetezi.

Kitaluni, geuza majani machanga ya juu kabla ya kulipa. Mche wenye vinundu usitoke hapo; uchomwe. Eucalyptus camaldulensis na chotara zake nyingi hushambuliwa zaidi, basi ulizia aina kwanza. Ukituletea sampuli, weka tawi kwenye chupa iliyofungwa kifuniko. Usilibebe mkononi ukipita mashamba ya jirani.