Vindaloo ya Goa Haikupata Jina Lake kwa Viazi

Katika makundi ya gumzo ya wapenzi wa mapishi hurudi mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba vindaloo, mchuzi mkali wa nyama wa Goa, jimbo la pwani ya magharibi ya India, si halisi bila viazi, kwa kuwa “aloo” ni viazi kwa Kihindi. Dai hilo si sahihi. Jina limetokana na Kireno, “vinha d'alhos”, yaani mchanganyiko wa mvinyo au siki na vitunguu saumu wa kulowekea nyama, uliofika Goa pamoja na Wareno, walioitawala kuanzia 1510 hadi 1961. Wapishi wa huko waliufanya wao kwa siki ya tembo la mnazi, pilipili kavu na viungo vya kusaga, na katika nyumba nyingi za Wakatoliki nyama yake ni ya nguruwe, ambayo wengi huiona tamu zaidi siku ya pili.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwani sauti zinafanana, na migahawa mingi ya Uingereza hutia viazi. Anayetaka kuhakikisha atafute “alho” katika kamusi ya Kireno; tena, Kikonkani, lugha ya Goa, huita viazi “batata”, neno ambalo Mzanzibari anayesema mbatata atalitambua mara moja. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo, kwa sababu unawaambia bibi wa Kigoa kwamba wamekosea chakula chao wenyewe.