Jiwe linalometa njano: shaba ya porfiri hutoka wapi?

Mara kwa mara mwananchi huingia ofisini kwetu hapa Nairobi, tunakochunguza mawe, na jiwe lililofungwa kwenye gazeti. Linameta njano, na dalali keshamwambia ni dhahabu. Nachukua kisu, nalikwaruza. Likitoa unga mweusi wa kijani, hiyo ni kalkopiriti, madini ya shaba, chuma na salfa. Kisu kikishindwa kulichubua, basi ni piriti, haina shaba. Dhahabu halisi hubonyea tu.

Msidharau kalkopiriti. Zaidi ya nusu ya shaba ya dunia hutoka kwenye mashapo ya porfiri, yaani madini yaliyotawanyika katika mwamba ulioganda kutokana na uji wa moto wa ardhini, na humo hupatikana pia molibdeni inayoimarisha chuma cha pua, pamoja na dhahabu.

Bamba la sakafu ya bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linapozama chini ya bamba jingine, huenda na maji. Maji hayo hufanya mwamba wa juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi. Uji huo wa moto hupanda, husimama kilomita chache chini yetu, na kuanza kuganda. Maji yaliyobanwa ndani yake, yamejaa chumvi, salfa na shaba, hukosa pa kwenda, yakaupasua mwamba nyufa nyembamba kila upande. Yakipoa, huacha madini humo. Ukishika kipande chake utaona nyuzi nyeupe za kwatzi zikipishana kama darizi, na vitone vya njano vya kalkopiriti katikati.

Tani moja ya mwamba huo mara nyingi haifikishi kilo kumi za shaba. Ila ni mlima mzima! Bingham Canyon, Marekani, ilianza kuchimbwa kwa shimo la wazi mwaka 1906. Leo shimo hilo lina kina cha zaidi ya kilomita moja. Escondida na Chuquicamata, Chile, ni za ukoo huohuo.

Mbona basi tuna volkano kama Longonot, na shaba ya namna hii hatuna? Bonde la Ufa ni ardhi inayotanuka. Hakuna bamba linalozama chini yake. Hata shaba ya Zambia na Kongo si ya porfiri, ilijikusanya kwenye miamba ya matabaka. Ile ya Macalder, Migori, ilitokana na chemchemi za moto chini ya bahari ya kale.

Ukiokota jiwe lenye ukungu wa kijani, kama ule unaoshika waya mkuukuu wa shaba, usiliuze njiani. Lilete, na utuambie uliliokota wapi hasa.